Uso wa Mzigo

Mimi nina kisirani, na sikukiokota ukubwani. Mama yangu, kule Zinga nilikozaliwa, alikuwa akisema atakayenioa itabidi awe mtu wa subira sana au awe kiziwi. Nikampata wa subira. Alikuwa dereva wa malori, zaidi ya miaka ishirini barabarani, mtu wa Kiwangwa, mpole, msema kidogo. Akanioa, akanipeleka kwao, tukafungua shamba la mananasi. Yeye akisafiri, mimi nabaki nagombana na vibarua.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilimkuta uani asubuhi, anafunga kamba za viatu. Upande wa kulia wote ukalala: mkono, mguu, na nusu ya mdomo. Mguu ulirudi kidogo, akawa anatembea na mkongojo. Mkono haukurudi, na mpaka leo akimpa mtu mkono wa kushoto huanza kwa kuomba radhi. Maneno yalirudi, lakini yalirudi kama maji ya bomba letu: yanatoka, yanakatika, unangoja na ndoo yako. Akili haikuguswa hata chembe. Anachotaka kusema anakijua tangu mwanzo hadi mwisho, kukitoa ndiyo kazi.

Na mimi kungoja sijui. Wanasema ulimi hauna mfupa, wangu naona hauna hata breki. Akianza sentensi, namalizia mimi. Mara nyingi namalizia sivyo, ananitazama kidogo, anaacha. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ilikuwaje siku ile kidogo nimuue wifi yangu, mdogo wake wa pekee.

Watu wa Kiwangwa lakini hawakumwacha. Gari la mtu likigoma, lilikuwa linaletwa kwetu kabla ya kwenda kwa fundi. Wanamwekea kiti, wanawasha injini, yeye anasikiliza ameinamisha kichwa, halafu anatamka neno moja. "Pampu." Au, "Plagi." Wanakwenda, wanafungua, wanakuta ni hivyo hivyo. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa imembakia, na aliitunza.

Tulikuwa na pikapu aliyoinunua kabla hajaugua. Mimi nikajifunza kuendesha kwa amri zake za neno mojamoja kutoka kiti cha abiria: "Gia." "Polepole." "Kioo." Nilijifunza haraka kwa sababu nilikuwa na hasira ya kujifunza. Lakini pikapu peke yake haikutosha. Mananasi yakiiva yanaiva yote, hayajui kwamba una gari dogo, na wachuuzi wanaoyafuata shambani wanakuchagulia wao bei na wanakuachia yale yaliyoanza kulainika. Wanunuzi wa malori ya mikoani wako Msata, pale njia ya Bagamoyo inapoikuta barabara ya Chalinze na Segera. Ukiwafikishia mzigo wewe mwenyewe, mnazungumza kama watu.

Wifi yangu ndiye aliyetoa wazo la tela. Shamba lake limepakana na letu. Ni mwanamke wa maneno kama mimi, na ndiyo maana tunapendana na hatupatani. "Wifi," akaniambia, "pikapu ina nguvu ya kuvuta, nyie mnaifuga tu. Tuichongee tela, tupakie mzigo wangu na wako." Fundi mmoja wa kuchomelea huko Zinga akatutengenezea: bodi ya vyuma na mbao, ekseli ya gari kuukuu, matairi mawili katikati, na mbele pua ndefu ya chuma yenye kikombe. Kikombe hicho ndicho kinachokaa juu ya gololi ya chuma iliyofungwa nyuma ya gari, ndipo gari na tela vinaposhikana.

Siku ya kuifunga ile gololi nilimpeleka mume wangu, nikamkalisha kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa pale kwa fundi. Fundi alikuwa ameshaanza kutoboa bampa.

"Wapi?" mume wangu akauliza.

"Hapa kwenye bampa, mzee. Chuma chake kizito hiki."

"Hapana."

"Mzee, nimewafungia wengi hivi hivi, na halijatoka hata moja."

"Bado," akasema mume wangu.

Nilicheka mpaka fundi akanuna. Lakini mzee hakuwa anatania. Alitumia saa nzima na zaidi, akichora mchangani kwa ncha ya mkongojo, kumweleza fundi kwamba bampa imeshikwa na boliti nne nyembamba na kazi yake ni kupokea mikwaruzo. Mzigo unaovutwa unalivuta gari zima, kwa hiyo chuma cha kuvutia lazima kikamate chesisi, zile boriti mbili ndefu za chini zinazobeba kila kitu. Fundi akalala chini ya gari, akatoboa upya, akapitisha boliti nene na kila moja akaikaza kwa nati mbili. Mume wangu akaagiza minyororo miwili, ipishane chini ya pua kama mikono iliyokunjwa, ili kikombe kikichomoka pua iangukie minyororo, isichimbe lami. Akataka taa za tela ziwake pamoja na za gari. Akataka springi za nyuma ziongezwe jani moja la chuma kila upande, na vioo vya pembeni viwe virefu nione nyuma ya bodi. Siku hiyo nilimngoja kwa sababu alikuwa anaongea na fundi, haongei na mimi. Ajabu ya mtu na nyumba yake.

Jua likaanza kupungua, nikaanza kuona ng'ombe wangu wa maziwa hawajapewa maji. Akaanza jambo jingine. "Ku... kupakia," akasema. "Mzigo... mbele..."

"Kupakia tunajua," nikamwambia. "Mimi na dada yako tumepakia mananasi miaka yote ulipokuwa safarini. Twende zetu."

Akainuka.

Sasa nieleze kupakia kwetu, maana ndiko kulikoleta balaa. Mnunuzi wa Msata hapandi juu ya gari. Anashusha bodi ya nyuma, anatazama, anachomoa mananasi mawili matatu, anayapiga kwa kidole, ananusa kitako, basi, ameshajua atasemaje. Anayoyaona ni yale ya nyuma tu. Kwa hiyo tangu wakubwa wetu, mananasi ya Kiwangwa yanapangwa kwa uso. Makubwa, mazito, yenye rangi nzuri yanakaa nyuma kabisa, safu juu ya safu, yamegeuza vichwa ndani. Ya kati yanafuata. Vidogo vinajificha mbele. Tunaita uso wa mzigo, na mtu akipanga vibaya anaambiwa mzigo wake hauna uso. Katika lori haina madhara. Lori lina matairi mbele na nyuma, limekalia miguu yake lenyewe. Wifi yangu ni bingwa wa kupanga uso. Watu humwita aje awapangie, na anakuja kwa maringo, amejifunga kanga kiunoni, hataki mtu amwelekeze.

Siku ya safari ya kwanza tuliamka alfajiri. Baada ya swala nilileta gari shambani, tukalishikiza tela. Mume wangu alikuwa amenifundisha kuzunguka gari: unatembea ukigusa kila kitu kwa kiganja, usiangalie tu. Nikagusa kikombe na pini yake. Nikagusa minyororo, imepishana. Nikagusa nati za chini, nikagusa matairi manne ya gari na mawili ya tela, nikamwita kibarua akanyage breki nione taa. Kila kitu sawa. Kosa langu nimeliona baadaye sana: niliyazunguka yote tela likiwa tupu. Kisha nikaenda kugombana na wakataji waliokuwa wanakata yasiyoiva, na wifi akapakia.

Niliporudi, mzigo ulikuwa umesimama. Uso wake ulipendeza hadi nikasahau ugomvi. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni kwa mkongojo, anatazama nyuma ya pikapu.

"Nyuma," akaniambia. "Nyuma... ime..."

"Nyuma nimeshakagua, baba. Nimegusa kila kitu kama ulivyonifundisha."

Akanyanyua mkongojo kuonyesha tairi la nyuma la gari. Nikalitazama tairi. Lilikuwa na upepo. Nikamshika kiwiko, nikampandisha.

Wifi naye anapanda. Hapandi ndani, anapanda juu ya tela. Kwetu mwenye mzigo husafiri na mzigo wake, amekalia gunia juu kabisa, kwa sababu milimani gari linapopunguza mwendo wapo watu wanaodandia nyuma na kushusha mananasi moja moja. Nilimwambia ashuke aje tukae watatu mbele.

"Nani atalinda?" akauliza.

"Mungu."

"Mungu ana mengi. Mzigo wangu nitaulinda mwenyewe. Nitashuka kabla hatujawafikia trafiki."

"Wifi, hilo si lori. Shuka."

"Wewe leseni yako hata haijakauka wino, unataka kunifundisha kupanda gari? Kaka yangu amenibeba juu ya mizigo tangu hujamjua."

Hapo ndipo kisirani kilipopanda. Ningeweza kuzima gari. Ningeweza kukaa kwenye jani la nanasi nisiondoke mpaka ashuke. Badala yake nikafunga mlango kwa kishindo, nikamwambia kwa dirishani, "Haya panda. Ukianguka usije ukasema nilikusukuma." Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu, na kaka yake amekaa ubavuni mwangu.

Njia ya shamba ilikuwa na mashimo, nikaenda taratibu. Mume wangu alikuwa anatazama kioo cha upande wake. "Mama," akasema. "Gari... lina... inuka..."

"Linainuka kwa sababu ya mashimo. Tukifika lami litatulia."

Akatikisa kichwa. Tukafika lami, nikakunja kuelekea Msata, nikaingiza gia ya tatu, ya nne. Usukani ulikuwa mzito kidogo na nyuma ya gari kwepesi, kama mtu aliyevaa viatu visivyo vyake. Nililiona hilo. Nilijiambia ndivyo kuvuta kulivyo. Mume wangu akanigusa paja kwa mkono wa kushoto, akaupitisha mbele ya mwili wake kuja kwangu, kitu ambacho hakifanyi. "Si... simama. Mzi..."

"Nani anaendesha, wewe au mimi?"

Akaurudisha mkono wake, akashika mpini wa mlango.

Kwenye kioo changu kirefu nilikuwa namwona wifi. Amekalia gunia, mkono mmoja umeshika kamba iliyofunga mzigo, mwingine umeshika ushungi. Akaona namtazama, akanibetulia mdomo. Nami nikaachia tabasamu kwa siri. Tulikuwa tumebakiwa na kama nusu ya njia.

Kuna mteremko mrefu kabla hujafika Msata, lami imenyooka, ukiwa juu unaona mpaka chini na kupanda kwake. Gari likaanza kwenda lenyewe. Sindano ya mwendo ikapita sitini. Kwanza nikahisi kama upepo umelisukuma gari ubavuni. Nikasahihisha. Likasukumwa upande wa pili. Nikatazama kioo, nikaona ubavu wote wa tela, na ubavu wa tela hutakiwi kuuona kwenye barabara iliyonyooka. Nikatazama kioo cha kushoto, nikauona ubavu wa pili. Tela lilikuwa linatikisa mkia, kulia, kushoto, na kila likirudi linarudi kwa nguvu zaidi, na kila likirudi linalivuta gari na mimi ndani yake.

Na wifi yuko juu. Gunia limeshatoka. Amelala kifudifudi juu ya mananasi ameikumbatia ile kamba kwa mikono miwili, ushungi umepeperuka, mdomo wake uko wazi na sisikii sauti yoyote. Chini ya mteremko basi linapanda, linakuja upande wake, limewasha taa.

Niliogopa. Naliandika hivyo hivyo, sina neno la kulipamba. Nikafanya anachofanya kila mtu aliyeogopa, nikakanyaga breki. Tela halikuwa na breki zake. Likaisukuma pikapu kwa nyuma, matairi ya nyuma yakapiga kelele, nasi tukaenda upande upande hadi nikaona pori kwa kioo cha mbele. Nanasi la kwanza likapasuka barabarani, kisha mengi.

"Mguu," akasema mume wangu. "Toa."

Nikatoa mguu.

"Shika. Nyoosha."

Nikaushika usukani umenyooka. Mwili wangu wote ulitaka kuuzungusha kulifuata tela, nikaushikilia. Sikukanyaga kitu. Gari likabaki na injini tu inaguguma na kulizuia. Basi likaja, likapiga honi ndefu, likaingia nusu yake kwenye majani kutupisha. Sikumtazama dereva wake. Nilikuwa natazama kioo, nahesabu kama mwili wa wifi bado upo. Upo. Tela likatikisika kidogo, likapungua. Likapungua tena. Tukawa tunatambaa. Nikaliteremsha gari pembeni, nikavuta breki ya mkono, nikatoka nikikimbia.

Wifi alikuwa hai. Alikuwa bado amekumbatia kamba na hakuweza kuiachia. Nilipanda, nikamfungua vidole kimoja kimoja. Kiwiko chake kilikuwa kimechunika na kidevu kinavuja damu kidogo, basi. Alipogusa ardhi alikaa palepale kwenye changarawe. Nilikaa naye.

Lori lililokuwa nyuma yetu likasimama. Dereva wake, mtu mzima mwenye mvi, alikata matawi akayatandaza barabarani kwa mbali ili wanaokuja wajue kuna tatizo, akaleta mawe akayaweka kwenye matairi ya tela. Alipomwona mume wangu anateremka kwa mkongojo, alimtambua. Walikuwa wamepishana miaka mingi njia ya Segera. Akamwamkia kwa heshima, akaupokea ule mkono wa kushoto kwa mikono miwili. Kisha akaenda nyuma ya pikapu, akainama, akatazama nafasi kati ya tairi na bodi.

"Hili limekalia mkia," akasema. "Uzito wote uko nyuma. Pua inalinyanyua gari, gari limeinua makalio. Ni sawasawa na mkokoteni: pakia nyuma uone kama mikono ya mbele haikunyanyui juu." Akaniangalia mimi na wifi, akaona haifai kutusema. Akamgeukia mwenzake. "Mzee, wewe mtu wa kazi. Hukuona?"

Nilimtazama mume wangu. Alitazama barabara, ule mteremko wenye mananasi yaliyopasuka mpaka juu. Kisha akalisema neno lake zima, halikukatika popote.

"Sikuona."

Dereva akaitikia kwa kichwa, kwa ile huruma ya mtu anayemhurumia mkubwa wake. Wifi akiwa bado chini akasema, "Msimlaumu. Ni ugonjwa huo. Zamani kaka yangu angeliona hili amefumba macho."

Mimi, niliyekuwa na maneno ya kummalizia kila mtu, nikaenda kufungua kamba ya mzigo. Tukashusha mzigo wote. Dereva yule na utingo wake walitusaidia kuupakia upya, mazito mbele ya matairi, mepesi nyuma, vidogo vyetu vyote vikawa ndiyo uso. Nilikuwa nampokea wifi nanasi moja moja, nayapanga, miiba inanichana mikono, na mume wangu amekaa kwenye jiwe kwa mbali kidogo. Hakutupa hata neno moja la maelekezo. Hakuulizwa pia. Dereva ndiye aliyekuwa akiulizwa: hili hapa, hili pale? Nilimwona mume wangu anamsikiliza mwenzake akijibu, ameinamisha kichwa vile vile anavyosikiliza injini.

Wifi akaninong'oneza, kwa upole ambao si wake, "Wifi, tutafute mtu awe anatukagulia gari. Kaka apumzike. Tusimtie aibu."

Nilikuwa na nanasi mkononi. Nikaliweka chini.

"Aliona," nikasema. Nilisema kwa sauti, dereva asikie. "Aliona shambani, akaniambia. Akaniambia tena tukiwa njiani, na barabarani akanishika paja nisimame. Mara zote tatu nilimkata maneno. Hata nilipokanyaga breki, yeye ndiye aliyenitoa mguu. Bila yeye sasa hivi tungekuwa tunamtafuta wifi majanini."

Utingo akajifanya anafunga kamba. Mume wangu alikuwa ananitikisia kichwa niache, na mimi nikamaliza hivyo hivyo.

Nilitaka wifi anitukane. Anajua kutukana, ana matusi ya Kikwere ambayo mpaka leo hajakubali kunitafsiria. Hakutukana. Alifuta kidevu chake kwa pindo la kanga, akaitazama damu.

"Na ulikuwa unajua mimi niko juu," akasema.

"Nilikuwa najua."

Akaniacha pale, akaenda kwa kaka yake. Akachuchumaa mbele ya lile jiwe. "Kaka," akamuuliza, "mimi nipande wapi?"

Magari mawili yalipita. Dereva wa lori alikuwa ameshashika mlango wake aondoke, akasimama. Mume wangu akafungua mdomo, ukakataa, akaufunga. Akaanza tena. Neno la kwanza nililijua kabla halijatoka, na la pili pia, na meno yangu niliyauma.

"Usi... pande," akasema. "Aende... peke yake. Kwanza. Mimi na wewe... tuta... tembea."

Hakuna aliyebisha. Dereva alisema mzee amesema kweli, gari lijaribiwe bila roho za watu. Nikazunguka gari nikigusa kila kitu kwa kiganja, mara hii limepakiwa. Nikatazama tairi la nyuma na bodi yake, nikaona gari limekaa chini. Mume wangu naye alilitazama, akaitikia kwa kichwa. Nikapanda.

Kiti cha upande wa pili kilikuwa kitupu. Tangu augue sikuwahi kuendesha bila yeye kuwepo pale, na mara ngapi nilikuwa nimeomba moyoni nipate siku moja ya kuendesha kwa amani, bila mtu wa kuniambia gia, kioo, polepole. Niliteremka ule mteremko kwa gia ya pili. Tela lilinifuata limetulia kabisa. Nilikuwa nalia na sikuwa na mkono wa kujifuta, maana yote miwili niliihitaji kwenye usukani.

Chini kabisa, penye kalavati, nikasimamisha pembeni. Nikatoka, nikasimama nyuma ya tela. Walikuwa juu huko, wawili, wanakuja kandokando ya lami. Wifi yuko upande wa barabara. Mkongojo, mguu wa kushoto, kisha ule wa kulia unaburuzwa, kisha mkongojo tena. Kwa mwendo wake ilikuwa robo saa nzima, labda zaidi. Niliwangoja.